Udongo wa miteremko mikavu ya Bura

Udongo wa miteremko mikavu ya Bura ni udongo wa kina kifupi, wenye mawe na changarawe, unaopitisha maji upesi, kwenye miinuko iliyo juu ya Bura, Kaunti ya Taita Taveta, Kenya (si Bura ya Mto Tana). Umetokana na kumeng'enyuka kwa miamba ya kale ya naisi inayounda Milima ya Taita, sehemu ya Tao la Mashariki. Mahali ambapo mwamba mgumu hauzidi sentimita 25 kutoka juu, wataalamu huuita leptosoli.

Ufupi wake husababishwa hasa na mteremko: mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huondoa chembe laini kabla tabaka halijanenepa. Pepo za kusini-mashariki huacha unyevu mwingi upande unaozielekea na vileleni, kama Vuria (mita 2,208). Miteremko iliyokingwa dhidi ya pepo hizo na ile ya chini hubaki mikavu, na huota migunga na mibambara. Maji hayatuami, hivyo mahindi hunyauka haraka mvua ikikatika. Kulima bila matuta ya fanya juu au kuta za mawe huharakisha mmomonyoko, na udongo uliopotea huchukua karne nyingi kurudi.