Penseli, Pamba na Spiriti: Kutengeneza Vyombo vya Muziki Nyumbani

Historia ya vyombo vya muziki vya kubebeka huandikwa kwa tarehe za uzinduzi. Philips ilionyesha kaseti yake Berlin mwaka 1963, Sony ikatoa Walkman nchini Japani tarehe 1 Julai 1979, Apple ikatangaza iPod Oktoba 2001. Tarehe hizo ni sahihi, lakini ni habari za viwandani. Mimi nauliza swali la nyumbani: chombo kilipoharibika, mwenyewe aliweza kufanya nini? Kwa kipimo hicho, naona kwamba chombo kilivyozidi kuendelea, ndivyo mwenyewe alivyozidi kunyang'anywa uwezo.

Kasoro za kaseti karibu zote zilionekana au zilisikika. Sauti ikiwa nzito na ya kujikokota, betri zinaisha; ukiweka mpya na hali ikabaki ile ile, mkanda wa mpira unaozungusha mitambo umelegea. Sauti ikififia kama ya mtu anayeimba nyuma ya pazia, kichwa cha kusomea kimeshika uchafu: pamba, spiriti kidogo, basi. Mashine ikila kanda, mara nyingi kosa lilikuwa la kigurudumu cha mpira kinachobana utepe, nacho kilisafishwa kwa pamba hiyo hiyo. Kanda iliyoliwa ilivutwa polepole, ikanyooshwa, kisha penseli ikatiwa kwenye tundu la kaseti na kuzungushwa. Penseli yenye pande sita hushika vizuri meno ya ndani. Utepe ukikatika, uliungwa kwa selotepu upande wa nyuma, na wimbo ukaruka neno moja au mawili. Kaseti za dakika 120 zilikuwa na utepe mwembamba kuliko za dakika 60, kwa hiyo waliotaka nyimbo nyingi ndio waliohitaji penseli zaidi.

Baba yangu hakusomea ufundi, lakini anayajua haya yote. Walkman ya kwanza ilitumia betri mbili ndogo za kawaida, za aina inayouzwa hata katika duka la kijijini. Kwetu Uganda, Waganda huziita betri amanda, yaani makaa, na zikichoka huanikwa juani. (Dawa hiyo hufanya kazi kweli, ingawa kwa muda mfupi, kwa kuwa joto huichangamsha kemikali iliyobaki.)

iPod ya kwanza ilikuwa na diski ngumu ya GB 5, betri ya lithiamu ya kuchajiwa na kasha lisilo na skrubu hata moja. Ikikataa kuitika, uliangalia kwanza swichi ya juu inayofunga vitufe. Ikiganda, ulibonyeza vitufe viwili kwa pamoja mpaka ijiwashe upya. Ilipona, ila hukujua ilikuwa inaumwa nini. Betri ilipochoka, hapakuwa na la kuanika. Mwaka 2003 ndugu wawili wa New York, Casey na Van Neistat, walitoa filamu fupi ya kulalamikia jambo hilo. Mwaka huo huo Apple ilianza kubadilisha betri kwa dola 99, na mwaka 2005 ikakubali kuwafidia wenye matoleo ya mwanzo ili kumaliza kesi iliyofunguliwa California.

Wapo watakaosema kwamba iPod haikula wimbo wa mtu. Nakubali. Lakini huduma ya dola 99 ilimfaa aliye karibu na kampuni. Kwa mtu wa Masaka, betri iliyofungiwa ndani ilikuwa mwisho wa chombo, labda apate fundi jasiri.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayotaka betri za vifaa vya kubebeka, kuanzia Februari 2027, ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. iPod haitaikuta, maana Apple ilitangaza mwisho wake Mei 2022.