Bahari Iliyotiwa Nyumbani

Atazamaye tangi la samaki wa baharini huona kioo, samaki na matumbawe. Maji yenyewe hayaoni, maana sifa ya maji safi ni kutoonekana. Hata hivyo, historia ya tangi hilo ni historia ya maji na ya mikono iliyoyahudumia.

Mwaka 1846 Anna Thynne, bibi wa Kiingereza, alichukua matumbawe hai huko Torquay akayapeleka London. Maji yaliyotuama huishiwa hewa. Kwa hiyo mtumishi wake wa kike aliyamimina kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi, na matumbawe yakaishi. Pampu ya bahari ile ilikuwa mkono wa mtumishi.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alionyesha kwamba samaki, konokono na mimea huweza kutunzana katika maji yasiyobadilishwa. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatengeneza maji ya bahari yenyewe. Alifuata uchambuzi wa maji ya Brighton, akachanganya katika maji matamu chumvi ya kula, haluli, kloridi ya magnesi na kloridi ya potasi. Tangu hapo bahari ikapimwa kwa mizani. Mwaka 1871 William Alford Lloyd, katika Crystal Palace ya London, alichimbia birika lenye giza chini ya matangi, kubwa kuyapita yote kwa ujazo, na injini za mvuke zikayazungusha maji bila kukoma.

Ilibaki haja ya maji ya kuanzia. Maji ya mfereji, ijapokuwa hayamdhuru mnywaji, huweza kuchukua klorini, shaba na nitrati ziyadhuruzo matumbawe. Mwaka 1959 Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando upitishao maji na kuzuia chumvi. Mwaka 1965 mji wa Coalinga ukautumia kupata maji ya kunywa. Kilichobuniwa kwa kiu ya watu kikaja kuwafaa samaki.

Leo, nyumbani, maji hupita katika chujio la mashapo, kisha makaa yanayoondoa klorini isiuharibu utando, kisha utando, na mwisho resini inayonasa chumvi iliyosalia. Huingia katika pipa la kwanza. Katika pipa la pili hutiwa chumvi, kadiri ya gramu 35 kwa lita, na pampu huyakoroga. Vali huyatenga mapipa hayo kwa sababu nzito: maji yaendayo kwa mvuke huiacha chumvi tangini, basi hufidiwa kwa maji matamu, maji machafu yaliyotolewa hufidiwa kwa maji ya chumvi. Afunguaye vali isiyo yake mara kwa mara huwaua viumbe wake bila kuona badiliko lolote kiooni.

Utando nao hutoza ushuru: kwa lita moja safi, mara nyingi lita kadhaa hutupwa. Bomba limeupumzisha mkono wa mtumishi. Uangalifu aliokuwa nao bado unadaiwa kwa mwenye nyumba.