Daftari la Stempu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapa Mtwara mjini, tulikuwa watu sita tuliopenda kukusanya stempu za posta. Sukari na sabuni zilikuwa za foleni, na masika yakishika, barabara ya Dar es Salaam haikupitika. Watu walitushangaa: watu wazima kugombea vijikaratasi vilivyokwisha kupigwa mhuri!

Lakini kwetu sisi kila stempu ilikuwa na habari yake. Zile za Wajerumani za mwaka 1893 zilipigwa chapa ya thamani kwa pesa, maana rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1905 pesa zikatoweka, zikaja heller, 100 kwa rupia. Waingereza walipoingia, walipiga herufi G.E.A. juu ya stempu zao za Afrika Mashariki na Uganda. Kisha mwaka 1922 wakatoa za Tanganyika zenye kichwa cha twiga. Kuanzia 1935 zikatolewa za pamoja na Kenya na Uganda, na hata baada ya uhuru ziliendelea kutolewa hadi miaka ya 1970.

Wakusanyaji wa Ulaya walikuwa na desturi ya kupitishiana vijitabu vya mauzo kwa posta. Mwenye kuuza hubandika stempu zake na kuandika bei chini ya kila moja. Anayeipenda huitoa, akatia sahihi kwenye nafasi iliyobaki wazi, akalipa, kisha akampelekea mwenzake anayefuata. Aliyetuletea mtindo huo ni mzee mmoja, karani mstaafu wa bandari, aliyezoea kuomba bahasha tupu za barua zilizokuja na meli. Sisi tulitumia daftari la shule. Mali bila daftari, alituambia, hupotea bila habari.

Masharti yake yalikuwa machache. Daftari halifunguliwi kabla ya salamu na mazungumzo, kwani tumekutana kwa mapenzi ya stempu, biashara ni nyongeza. Muuzaji aandike jina lake na bei yake, asimwachie mnunuzi kubahatisha. Asiyetaka asiponde mali ya mwenziwe. Daftari lisilale kwa mtu zaidi ya siku tatu. Na kubwa kuliko yote: kasoro itajwe.

Hilo la mwisho ndilo nililolivunja. Nilikuwa na twiga wa 1922 aliyechanika pembe moja. Nikaiziba kwa kipande cha stempu nyingine, nikakigandisha kwa uji wa muhogo, ikatoka safi. Niliibandika daftarini kwa shilingi 20, nisiseme neno. Mzee akaichukua, akatia sahihi.

Baada ya wiki alinikuta barazani kwangu. Alikuwa ameiloweka majini ili aondoe karatasi iliyoganda nyuma, na kiraka kikaelea. Alinipa vyote viwili ndani ya bahasha, wala hakudai fedha yake.

“Mwanangu,” alisema, “ungeandika kwamba ina kiraka, ningeinunua vilevile. Kwa shilingi 10.”

Nilimrudishia shilingi zake 20, akazipokea. Lakini tangu siku ile kila alipofika kwenye stempu zangu aliziinua kwenye mwanga na kuzitazama nyuma. Hakusema kitu, na wengine wakaanza kumwiga. Za wenzangu hawakuziinua. Ilinichukua karibu miaka miwili ya kuandika kila doa na kila jino lililovunjika, hata lile ambalo jicho lisingeliona, ndipo siku moja akatia sahihi bila kuinua.

Baadaye nilisoma habari za stempu za Mafia. Waingereza walikiteka kisiwa hicho Januari 1915, na mwaka huo huo wakapiga neno MAFIA juu ya stempu za Wajerumani walizozikuta. Chache ni za kweli. Za kughushi ni nyingi, hata mwenye ya kweli husailiwa kama mwizi. Uongo wa wachache umekuwa kodi inayolipwa na wote.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi naongeza langu: hata kibaya chaweza kujiuza, mradi mwenyewe atangulie kukitaja ubaya wake. Yule mzee ametangulia mbele ya haki. Twiga ninaye bado, na kiraka chake kiko kando yake, na chini nimeandika: hauzwi.