Je, Proxima b Inakalika?

Husemi nyumba inakalika kabla hujaingia ukaona kama paa linavuja. Kauli hiyo ni ya aliyefika. Ndiyo maana naona kosa tunapoandika, bila kusita, kwamba Proxima b ni "sayari inayokalika". Sayari yenyewe hakuna aliyeiona.

Kilichoonekana ni nyota yake. Proxima Centauri, aliyoigundua Robert Innes huko Johannesburg mwaka 1915, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24. Ukiacha Jua, ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, na bado haionekani kwa macho matupu. Miezi ya mwanzo ya 2016, kundi la Guillem Anglada-Escudé liliielekezea usiku baada ya usiku darubini ya mita 3.6 ya La Silla, Chile, yenye chombo kiitwacho HARPS, kinachoutandaza mwanga wa nyota kuwa utepe wa rangi. Ndani ya utepe mna mistari myembamba myeusi. Nyota ikitusogelea, mistari huhamia kidogo upande wa buluu. Ikitupa kisogo, huhamia upande wa nyekundu. Ile ya Proxima ilikwenda na kurudi kila baada ya siku 11.2, na mwendo uliosomeka ulikuwa kama mita 1.4 kwa sekunde: mwendo wa mtu aendaye sokoni kwa miguu! Kitu kilikuwa kinaivuta. Mwaka 2020 chombo kingine, ESPRESSO, kilithibitisha.

Ni ustadi wa ajabu. Lakini umetupa nini? Muda wa mzunguko, umbali kutoka kwenye nyota (kilomita milioni 7.5 hivi), na tungamo la chini kabisa, linalokaribia la Dunia. Nasema la chini kabisa kwa kuwa hatujui njia ya sayari imeinama kiasi gani kwa upande wetu. Sayari saba za nyota nyingine, TRAPPIST-1, hupita mbele ya nyota yao, na upungufu wa mwanga hutupa kipenyo. Hapa kipenyo hatuna, basi hata kuapa kwamba ni mwamba hatuwezi.

"Kukalika" kwenyewe kumetokana na hesabu ya joto: kwa umbali ule maji yangeweza kubaki maji, endapo kuna angahewa. Hiyo "endapo" ndiyo kesi yote. Nyota ndogo nyekundu ni korofi. Machi 2016, kundi lile likiwa bado linapima, mlipuko uliiongezea Proxima mwangaza mara 68 hivi kwa muda mfupi. Kando ya tanuri kama hilo, huenda angahewa ilishapeperushwa zamani.

Nitaambiwa hili ni neno la kitaalamu na wataalamu wanaelewana. Wao, sawa. Mwanafunzi wa kidato cha pili akisikia "inakalika" anaona mito na miti. Napendekeza "sayari ya ukanda wa maji", jina linalotaja umbali na kuishia hapo. Wahariri wa vitabu vya kiada na walijaribu katika toleo lijalo.