Deni la Nyumba Isiyokalika: Unafuu wa Mikopo na Mbao za Jipsamu Zenye Kasoro nchini Marekani, 2004–2013

Vimbunga vya mwaka 2004 na 2005, hususani Katrina, viliharibu nyumba nyingi kusini mwa Marekani. Ujenzi mpya ulipopamba moto, mbao za jipsamu za kuwambia kuta ziliadimika, na wajenzi wakaagiza shehena kutoka China. Baadhi ya mbao hizo zilitoa gesi za salfa. Nyumba zilinuka kama mayai viza, nyaya za shaba zikawa nyeusi, na viyoyozi vikaharibika mara kwa mara.

Wengi wa walioathirika walikuwa wamenunua kwa mkopo, na nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa rehani. Kampuni nyingi za bima zilikataa madai yao. Familia zilizohama zililipa pango huku zikiendelea na marejesho ya nyumba isiyokalika. Kuuza nako kulikuwa kugumu, kwani bei zilikuwa zimeporomoka kutokana na msukosuko wa fedha wa wakati huo.

Mwezi Aprili 2010, mamlaka za shirikisho zilitoa mwongozo uliotaka mbao hizo ziondolewe na nyaya za umeme zibadilishwe. Mwaka huohuo, shirika la Freddie Mac liliruhusu wasimamizi wa mikopo kuahirisha marejesho ya waathirika kwa muda, na mamlaka ya kodi ikaruhusu gharama za matengenezo zihesabiwe kuwa hasara inayopunguza kodi.

Hata hivyo, kuahirisha si kusamehe: muda ulipokwisha, deni lilibaki, nayo nyumba ilikuwa bado mbovu. Punguzo la kodi nalo lilimfaa aliyekuwa na fedha za kutengeneza kwanza.

Ahueni ya kina zaidi ilipatikana mahakamani. Aprili 2010, Jaji Eldon Fallon wa New Orleans aliamuru familia saba za Virginia zilipwe takribani dola milioni 2.6. Desemba 2011, Knauf, mmoja wa watengenezaji, ilifikia suluhu iliyogharimia matengenezo ya nyumba zenyewe. Nyumba ilipopona, rehani nayo ilirudishiwa thamani, na marejesho yakawa na maana tena.

Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Januari 2013 iliweka viwango vya salfa katika mbao hizo. Ilimlinda mnunuzi wa kesho. Mdaiwa wa jana haikumpunguzia deni.