Kucheza na Kulegea: Historia ya Istilahi Moja ya Karakana katika Maniema

1.0 Utangulizi

Mjadala juu ya uundaji wa istilahi za Kiswahili umejikita zaidi katika shule, mahakama na ofisi za serikali. Karakana haijapewa nafasi inayostahili, ingawa ndiko watu wasio na kamusi mkononi walikolazimika kuzungumzia vyuma kwa lugha hii. Makala haya yanachunguza jambo moja dogo la karakana, nalo ni namna ya kuutaja mwanya unaoachwa kwa makusudi mwishoni mwa shafti wakati giaboksi ya lori kuukuu inapofumuliwa na kuundwa upya. Mazingira yanayotazamwa ni ya Pangi, katika jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayotetewa ni kwamba kitenzi *kucheza* kinaifaa kazi hii, kwa sharti kwamba kitenganishwe waziwazi na *kulegea*.

2.0 Matabaka Mawili ya Maneno

Kiswahili kiliingia Maniema pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vyake vikubwa. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, na baadaye Tippu Tip akaweka makao yake Kasongo. Nguvu za wafanyabiashara hao zilivunjwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo katika vita vya 1892-1894, lakini lugha yao haikuondoka. Iliendelea kuwa lugha ya soko, na hatimaye ikawa lugha ya kazi za mshahara. Maneno kama *fundi* na *nyundo* ni ya tabaka hilo la kwanza.

Tabaka la pili lilikuja na utawala wa Wabelgiji. Reli ya kuunganisha Kindu na Kongolo ilikamilika mwaka 1911. Mwaka 1932 iliundwa kampuni ya Symétain kwa ajili ya kuchimba bati, na Kalima, iliyomo katika eneo la Pangi, ikawa kituo chake kikuu. Madini ya bati ni mazito, na barabara ya kuyafikisha Kindu, penye reli na mto Lualaba, hupita katika nchi ya msitu na mvua nyingi. Kwa hiyo lori lilihitajika, na pamoja na lori alihitajika mtu wa kulitengeneza. Kutokana na Kifaransa, Kiswahili cha Kongo kikapata *kamio*, *shofere*, *garaji* na *vitesi*, pale ambapo Tanzania na Kenya zilipata kutokana na Kiingereza *lori*, *dereva*, *gereji* na *gia*. Mtu wa Pangi na mtu wa Morogoro wote husema *fundi*, lakini kila mmoja alikopa jina la gari kwa mkoloni wake.

3.0 Mwanya Wenyewe

Katika giaboksi nyingi za malori makubwa ya zamani, shafti hushikiliwa huku na huku na beringi ambazo rola zake zina umbo la pia iliyokatwa ncha. Beringi za namna hii hubeba uzito wa pembeni na pia msukumo wa kwenda mbele na nyuma. Lakini uzuri wake una gharama: ni lazima fundi mwenyewe apime shafti iachiwe kusogea kiasi gani.

Sababu ni joto. Shafti ya chuma yenye urefu wa milimita 400, ikiwa na joto linalolizidi la ganda lake kwa nyuzi 20, hurefuka kwa karibu milimita 0.1 zaidi ya nafasi iliyotengewa. Huo ni unene wa karatasi moja ya kuandikia. Pasipo mwanya, shafti iliyorefuka huzibana beringi, beringi zilizobanwa huongeza joto, na joto hilo huirefusha shafti tena. Mafuta husukumwa nje na rola huungua. Kinyume chake, mwanya ukizidi, meno ya gia hayakutani sawasawa, gia huchomoka lori likiwa mlimani, na sili huvuja. Ganda likiwa la alumini hesabu hubadilika, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ndiyo maana kipimo hufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Kazi yenyewe hufanywa kwa utaratibu. Chini ya kifuniko cha beringi huwekwa shimu, yaani vipande vyembamba vya bati, nyingi kuliko zinazohitajika. Bolti hukazwa, shafti huzungushwa mara kadhaa ili rola zikae mahali pake, kisha ncha ya kipimo chenye uso kama wa saa huegemezwa kwenye kichwa cha shafti. Shafti huinuliwa kwa mtaimbo na mshale husomwa. Ukionyesha milimita 0.60, na kipimo kinachotakiwa ni 0.10, shimu za unene wa 0.50 huondolewa, na kazi ya kupima hurudiwa.

4.0 Tatizo la Jina

Kifaransa huuita mwanya huu *jeu*, na Kiingereza *play*. Maana ya kwanza ya maneno yote mawili ni mchezo. Ingekuwa rahisi kudhani kwamba Kiswahili hakina budi kutafsiri. Lakini Mswahili husema *jino linacheza* bila kumwiga Mzungu yeyote. Wazo la kitu kusogea mahali kilipofungwa limo ndani ya lugha.

Ugumu uko kwingine. Jino linalocheza ni jino bovu. Mwanafunzi wa karakana anayeambiwa kwamba shafti "inacheza" atadhani ameonyeshwa kasoro, naye atakaza mpaka mchezo wote uishe. Atakuwa ametii neno na kuiua giaboksi, na lori litakwama msituni mbali na spea. Hapa upungufu wa istilahi una gharama inayohesabika kwa fedha na pengine kwa maisha.

Gharama hiyo ilizidi baada ya kampuni kudhoofika. Symétain na kampuni nyingine za madini ziliunganishwa mwaka 1976 kuwa Sominki. Soko la bati la dunia likaanguka Oktoba 1985, na vita vya 1996-1997 na 1998-2003 vikafuata. Kampuni inapokufa, vitabu na vipimo hutawanyika. Kinachobaki ni fundi na maneno yake. Kamusi ya ufundi iliyotolewa na Rajmund Ohly mwaka 1987 ilikuwa hatua kubwa, lakini ilianzia Kiingereza, ilhali fundi wa Maniema alisomeshwa kwa Kifaransa.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba *ulegevu* utumike kwa kusogea kunakotokana na kuchakaa, na *nafasi ya kuchezea* kwa mwanya uliopimwa na kuachwa kwa makusudi. Istilahi hizi hazitegemei Kifaransa wala Kiingereza, na fundi wa Pangi au wa Morogoro anaweza kuzielewa bila mkalimani. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja hiyo imekuwa ya pande zote mbili. Waundaji wa istilahi watafanya vyema kuanzia kwenye meza ya fundi, ambako neno lisilo sahihi hujulikana upesi, kwa harufu ya mafuta yanayoungua.