Affinis: jirani asiye ndugu

Jioni mjini Nairobi au Mombasa, ndege wadogo weusi huzunguka kwa makundi juu ya mapaa huku wakipiga kelele nyembamba. Uliza ni ndege gani, na wengi watakujibu: mbayuwayu. Si mbayuwayu. Mbayuwayu hutua juu ya waya wa umeme akapumzika, huyu hawezi. Vidole vyake vyote vinne huweza kuelekea mbele, vikawa kulabu za kung'ang'ania ukuta, lakini waya au tawi haviwezi kulikumbatia. Kiswahili kina jina zuri la ndege wa aina hii, kijumbamshale, na wengine huwaita teleka. Inasikitisha kwamba jina lenye mshale ndani yake, kwa ndege mwenye mabawa yaliyopinda kama upinde, tunampa mbayuwayu pia.

Mkanganyiko huo ulimpata hata mwanasayansi Carl Linnaeus. Mwaka 1758 alimweka kijumbamshale wa Ulaya katika jenasi ya mbayuwayu, akamwita Hirundo apus. Hirundo ni mbayuwayu kwa Kilatini. Apus imetoka katika Kigiriki, maana yake asiye na miguu. Miguu anayo, ila ni mifupi mno. Mwaka 1777 Giovanni Antonio Scopoli aliwatenga vijumbamshale katika jenasi yao wenyewe, Apus. Leo tunajua kwamba ndugu zao wa karibu ni wale ndege wadogo wa bara la Amerika wanaoelea mbele ya ua wakinyonya mbochi. Na mbayuwayu wamefanana kwa sababu ya kazi tu: wote huwinda wadudu angani, na kazi hiyo hudai mabawa marefu na mdomo mpana.

Sasa tumtazame yule mdogo wa mjini mwenye kiuno cheupe. Jina lake la kisayansi ni Apus affinis, na huandikwa likifuatiwa na (Gray, 1830). Mabano hayo yana maana. John Edward Gray, Mwingereza, alimweleza kutokana na ndege wa India, akamwita Cypselus affinis. Baadaye spishi ikahamishiwa jenasi Apus, na kanuni ya majina ya wanyama inataka jina la mwandishi wa kwanza lizungushiwe mabano kila jenasi inapobadilika. Bila mabano, ungedhani Gray mwenyewe ndiye aliyeandika Apus.

Neno affinis ndilo lenye utamu. Ndani yake mna finis, yaani mpaka: affinis ni yule mnayepakana naye. Warumi walilitumia pia kwa jamaa wa ndoa, mkwe au shemeji, tofauti na jamaa wa damu. Wanabiolojia wakalichukua kwa maana ya spishi iliyo karibu na nyingine iliyokwisha kujulikana, na hadi leo kifupisho aff. huandikwa kwenye lebo ya kielelezo kinachokaribia spishi fulani bila kuwa yenyewe. Kwa Kiswahili, wepesi wa kwanza ni kusema "ndugu". Napinga. Ndugu hudai damu, na damu huthibitishwa kwa ushahidi mwingine. "Jirani" hulinda ule mpaka uliomo ndani ya neno la Kilatini: yuko karibu, lakini ana kiwanja chake. Jina lenyewe halisemi jirani ya nani, na mipaka huhama. Kijumbamshale wa Nepali, ambaye mwanabiolojia Hodgson alimwita nipalensis mwaka 1837, alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa nususpishi ya affinis. Siku hizi orodha nyingi humpa spishi yake.

Jina la kawaida ni shauri jingine. Kiingereza humwita affinis mdogo, nasi tukatafsiri "kijumbamshale mdogo". Lakini mwenye neno mdogo katika jina la kisayansi ni mwingine, Cypsiurus parvus, yule mwembamba wa kwenye minazi, anayegundisha mayai yake kwa mate kwenye kuti linaloning'inia. Parvus ni mdogo. Tukimpa affinis jina hilo, tutakuwa na wadogo wawili na mkanganyiko mmoja.

Kiuno cheupe nacho hakitoshi, kwa kuwa Apus caffer na Apus horus wanacho pia. Kinachomtenga ni mkia: wa caffer umegawanyika kama uma, wa horus una pengo dogo, wa affinis umekatika moja kwa moja. Kwa hiyo ningependa tumwite kijumbamshale mkia-butu. Kumpata ni rahisi, kwa kuwa hujenga kwa makundi chini ya madaraja na kwenye kingo za majengo, viota vya manyoya na nyasi vilivyogandishwa kwa mate. Simama hapo chini jioni. Ukishaona kiuno cheupe, usiseme jina bado, subiri ageuke uone mkia.